Ukuta Usio na Kikomo na Mpaka Unaopenyeka: Utatuzi wa Modeli za Kikwanta za Chembe Zilizofungiwa katika Mifumo ya Nano na Maana Yake kwa Vyuo Vikuu vya Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi modeli za kikwanta za chembe iliyofungiwa katika nafasi ya nanomita chache zinavyotatuliwa, na kwa nini uchaguzi wa masharti ya mpakani ndio unaoamua iwapo jibu litakubaliana na vipimo. Kwa kutumia mifano mitatu, yaani kisima cha kwanta, nukta ya kwanta na chembe ndogo ya dhahabu, makala yanaonyesha kwamba modeli inayofundishwa zaidi darasani, ile ya ukuta usio na kikomo, hutoa nishati kubwa kupita kiasi hasa pale mfumo unapokuwa mdogo. Makala yanaonyesha pia kwamba njia ya kurekebisha kasoro hiyo inahitaji kompyuta ya kawaida tu. Kwa msingi huo, yanajadiliwa yanayoweza kufanywa na vyuo vikuu vilivyo katika ukanda wa mpaka wa Uganda na Kenya, Busia na Tororo, na maswali ambayo washauri wa sera wanapaswa kuyauliza kabla ya kuidhinisha miradi ya teknolojia ya nano.

Maneno makuu: chembe iliyofungiwa, kisima cha kwanta, nukta ya kwanta, masharti ya mpakani, istilahi

1.0 Utangulizi

Ukanda wa Busia na Tororo una vituo viwili vikuu vya kuvukia baina ya Uganda na Kenya. Kaunti ya Busia nchini Kenya inapakana na Wilaya ya Busia ya Uganda katika mji wa Busia, na inapakana na Wilaya ya Tororo katika mji wa Malaba. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Ukanda huu una pia taasisi za elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina makao yake makuu Busitema katika Wilaya ya Busia, na Kitivo chake cha Sayansi na Elimu kipo Nagongera katika Wilaya ya Tororo. Upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Alupe, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2022. Vyuo vya namna hii ndivyo vinavyowaandaa walimu wa fizikia na kemia watakaofundisha katika shule za ukanda huo.

Swali linalojadiliwa ni hili: je, vyuo visivyo na maabara ghali za kutengeneza vifaa vya nano vinaweza kushiriki kwa maana katika sayansi hiyo? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba vinaweza, kupitia utatuzi wa modeli, mradi ufundishaji uvuke modeli rahisi ambayo wanafunzi wengi huikariri na kuiacha hapo.

2.0 Chembe iliyofungiwa na mlinganyo wake

Elektroni iliyo huru inaweza kuwa na kiasi chochote cha nishati. Ikifungiwa katika nafasi finyu, hali hubadilika. Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi lililobanwa kati ya kingo mbili hukubali mitetemo michache tu, kama uzi wa zeze uliofungwa ncha zote mbili unavyotoa sauti maalumu. Kila mtetemo unaoruhusiwa una nishati yake, na nishati zilizo katikati hazipo.

Mlinganyo unaotawala jambo hili uliandikwa na Erwin Schrödinger mwaka 1926. Kwa chembe inayosogea katika mwelekeo mmoja, huandikwa hivi:

−(ħ²/2m) d²ψ/dx² + V(x)ψ = Eψ

Hapa ψ ni fankisheni ya wimbi, ambayo mraba wa ukubwa wake hueleza uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. M ni tungamo la chembe. V(x) ni nishati inayotokana na mahali chembe ilipo. Na E ni nishati ya jumla inayotafutwa. Ndani ya semikondakta, m si tungamo la elektroni iliyo huru bali ni tungamo fanisi, yaani tungamo ambalo elektroni huonekana kuwa nalo inapopita kati ya atomu za fuwele.

Mlinganyo wenyewe hauamui ni nishati zipi zitakazoruhusiwa. Kinachoamua ni V(x) pamoja na masharti ya mpakani, yaani kanuni zinazosema ψ ifanye nini inapofika ukingoni. Kwa sababu hiyo, kutatua modeli ya chembe iliyofungiwa ni kwanza kabisa kuamua mpaka wake ni wa aina gani.

3.0 Ukuta usio na kikomo

Modeli ya kwanza katika vitabu vingi vya kiada huchukulia kwamba kuta ni ndefu bila kikomo. Chembe haiwezi kabisa kuonekana nje, kwa hiyo ψ ni sifuri katika kingo zote mbili. Jibu hupatikana kwa mistari michache:

Eₙ = n²h²/(8mL²)

Katika fomula hii, L ni upana wa kisima na n ni namba kamili kuanzia 1. Fomula ina mafunzo mawili ya kweli. La kwanza, nishati huongezeka upana unapopungua, tena kwa mraba: upana ukipunguzwa nusu, nishati hupanda mara nne. La pili, hata kiwango cha chini kabisa si sifuri. Chembe iliyofungiwa haitulii kamwe.

Ugumu huanza pale fomula inapotumiwa kutabiri vipimo. Hakuna nyenzo yenye ukuta usio na kikomo. Tabaka jembamba la galiamu aseniki lililo kati ya matabaka ya aloi yake na alumini lina ukuta wa takriban elektronivolti 0.3 tu, kutegemea kiasi cha alumini. Ukuta huo unaweza kupenywa.

4.0 Ukuta wenye kikomo

Ukuta ukiwa na kikomo, ψ haiishii ukingoni. Inaendelea kuingia ndani ya ukuta huku ikififia. Masharti ya mpakani hubadilika: badala ya kutakiwa iwe sifuri, ψ hutakiwa iungane bila mkatiko katika ukingo, na mteremko wake vivyo hivyo. Kwa viwango vyenye ulinganifu, masharti hayo huzaa mlinganyo ufuatao:

z tan z = √(z₀² − z²)

Katika mlinganyo huu, z ni nusu ya upana wa kisima ikizidishwa kwa namba ya wimbi, na z₀ hubeba kina na upana wa kisima. Mlinganyo huu hauna jibu la fomula moja. Hutatuliwa kwa kuchora mistari miwili na kutazama inapokatana, au kwa kukadiria na kusahihisha mpaka pande zote mbili zilingane.

Chukua kisima chenye kina cha elektronivolti 0.3, tungamo fanisi la 0.067 ya tungamo la elektroni huru, na upana wa nanomita 10. Kwa urahisi, tungamo lichukuliwe kuwa sawa ndani na nje ya kisima. Matokeo, kwa milielektronivolti (meV), ni haya:

Kiwango cha 1: ukuta usio na kikomo 56, ukuta wenye kikomo 34.
Kiwango cha 2: ukuta usio na kikomo 224, ukuta wenye kikomo 133.
Kiwango cha 3: ukuta usio na kikomo 505, ukuta wenye kikomo 272.

Modeli ya kwanza hudai kwamba viwango havina idadi, na cha tatu chake kiko juu ya ukuta wenyewe wa meV 300. Modeli ya pili huonyesha kwamba kisima hiki kina viwango vitatu tu. Kosa la modeli ya kwanza halibaki palepale upana unapobadilika. Kwa upana wa nanomita 20, nishati ya kiwango cha chini hukadiriwa kupita kiasi kwa takriban asilimia 30. Kwa nanomita 10, kwa asilimia 64. Na kwa nanomita 5, jibu huwa mara mbili na nusu ya lile sahihi, yaani meV 224 badala ya 90. Kwa maneno mengine, modeli hii hushindwa zaidi pale hasa sayansi ya nano inapoanza kuwa na manufaa.

Sababu yake inaeleweka. Katika kisima cha nanomita 10, fankisheni ya wimbi ya kiwango cha kwanza hupungua hadi takriban asilimia 37 ya thamani yake ya ukingoni baada ya kupenya nanomita 1.5 ndani ya ukuta. Chembe inaishi katika nafasi pana kuliko kisima kilichochorwa, na nafasi pana humaanisha nishati ndogo. Kwa kiwango cha tatu, kilicho karibu na kilele cha ukuta, upenyaji hufika nanomita 4.5.

5.0 Utatuzi kwa kompyuta

Visima halisi huwa na maumbo ambayo hata mlinganyo wa sehemu ya 4.0 hauyatoshelezi: kuta zenye mteremko, visima viwili vinavyokaribiana, au kisima kilichoinamishwa na uga wa umeme. Njia inayofaa ni kuigawa nafasi katika nukta zilizopangwa kwa umbali sawa, Δ, na kuandika badiliko la pili la ψ kwa kutumia thamani za nukta jirani:

d²ψ/dx² ≈ (ψᵢ₊₁ − 2ψᵢ + ψᵢ₋₁)/Δ²

Kwa hatua hiyo, mlinganyo wa Schrödinger hugeuka kuwa matriksi yenye namba katika ulalo mkuu na katika milalo miwili iliyo kando yake tu. Thamani mahususi za matriksi hiyo ndizo nishati zinazotafutwa. Sanduku la hesabu lenye upana wa nanomita 60 na nafasi ya nanomita 0.1 kati ya nukta lina nukta 599 za ndani. Kompyuta ndogo ya mwanafunzi hukamilisha kazi hiyo kwa muda usiozidi sekunde chache, kwa programu huria zisizo na ada ya leseni.

Njia hii ina kinga dhidi ya kuaminiwa kupita kiasi, kwa sababu inaweza kupimwa kwa jibu linalojulikana. Kisima chenye ukuta usio na kikomo kikigawanywa vipande 10, kiwango cha kwanza hukosewa kwa takriban asilimia 0.8, kikigawanywa vipande 100, kosa hushuka hadi takriban asilimia 0.008. Nafasi ikipunguzwa mara 10, kosa hupungua mara 100. Mwanafunzi asiyefanya jaribio hilo hana haki ya kuziamini namba zake katika umbo jipya.

Kuna mtego mmoja wa kutajwa. Kingo za sanduku la hesabu zenyewe ni ukuta usio na kikomo. Sanduku likiwa na upana wa nanomita 30 tu, kiwango cha tatu cha kisima cha mfano, ambacho hupenya mbali, hugusa kingo hizo na nishati yake husukumwa juu. Mpaka ulioondolewa katika modeli hurudi kwa mlango wa nyuma kupitia programu. Dawa yake ni kupanua sanduku na kurudia hesabu hadi namba ziache kubadilika.

6.0 Kutoka kisima hadi rangi

Matumizi ya visima vya kwanta yamekwisha kufika sokoni. Taa za LED zinazouzwa Busia na Malaba hupata mwanga wake wa awali wa buluu kutoka katika matabaka ya indiamu, galiamu na nitrojeni yenye unene wa nanomita chache. Uvumbuzi wa taa ya buluu uliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Chembe ikifungiwa katika pande zote tatu, mfumo huitwa nukta ya kwanta. Alexei Ekimov alionyesha athari ya ukubwa katika fuwele zilizo ndani ya kioo, Louis Brus akaionyesha katika chembe zinazoelea ndani ya kimiminika, na Moungi Bawendi akaongoza kazi ya mwaka 1993 iliyowezesha kutengeneza nukta zenye ukubwa unaolingana. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Kadirio mashuhuri la Brus huanza na pengo la nishati la nyenzo, likaongeza nishati ya kufungiwa kwa elektroni na kwa tundu lililoachwa na elektroni hiyo, kisha likatoa nishati ya mvutano wao. Kwa nukta ya kadimiamu selenaidi yenye kipenyo cha nanomita 4, pengo ni elektronivolti 1.74, kufungiwa huongeza takriban 0.93, na mvutano hupunguza takriban 0.12. Jumla ni 2.55, sawa na urefu wa wimbi wa nanomita 486, katika eneo la buluu inayoelekea kijani. Nukta za ukubwa huo zikipimwa maabara, huonyesha takriban elektronivolti 2.1, katika eneo la manjano linaloelekea machungwa.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mekanika ya kwanta imekosea. Kadirio limechukulia ukuta usio na kikomo na tungamo fanisi lisilobadilika. Katika chembe ndogo kiasi hiki, dhana zote mbili hulegea. Anayeagiza nukta kwa kutegemea fomula hiyo peke yake ataagiza rangi moja na kupokea nyingine.

7.0 Dhahabu ya Busia: tahadhari kuhusu neno “nano”

Wilaya ya Busia nchini Uganda, hasa eneo la Tiira, ina wachimbaji wadogo wa dhahabu ambao wamekuwa wakitumia zebaki kunasa chembe za madini hayo. Mito ya Malaba na Sio, ambayo kila mmoja kwa sehemu fulani ni mpaka wa nchi hizi mbili, huyafanya maji kuwa suala la pande zote. Kwa hiyo, utafiti wa vihisio vya zebaki vinavyotumia chembe za nano una mvuto wa wazi kwa ukanda huu. Vihisio vinavyofanyiwa utafiti duniani ni vya makundi mawili makuu: nukta za kwanta ambazo mng’ao wake hufifia zinapokutana na zebaki, na chembe za dhahabu ambazo rangi yake hubadilika.

Makundi haya mawili yanafanana kwa ukubwa, lakini fizikia yake ni tofauti. Mjongeo wa joto wa kawaida chumbani una nishati ya takriban meV 25. Ili kufungiwa kuonekane, umbali kati ya viwango vya nishati usiwe mdogo kuliko kiasi hicho. Kwa metali, Ryogo Kubo alionyesha kwamba umbali wa wastani ni takriban theluthi nne ya nishati ya Fermi ikigawanywa kwa idadi ya elektroni huru. Chembe ya dhahabu yenye kipenyo cha nanomita 10 ina atomu takriban 31,000, na kila atomu huchangia elektroni moja. Nishati ya Fermi ikiwa elektronivolti 5.5, umbali kati ya viwango ni takriban meV 0.24, mdogo mara 100 kuliko joto. Rangi nyekundu ya dhahabu ya namna hiyo hutokana na elektroni zote kutetemeka kwa pamoja, wala si kwa kufungiwa kwa chembe mojamoja. Kipenyo kikishuka hadi nanomita 2, atomu hubaki takriban 250 na umbali hufika takriban meV 30. Hapo ndipo viwango huanza kutengana.

Hesabu hiyo ya mistari mitatu inamtosha mshauri wa sera kuligundua andiko la mradi linalodai kutumia “athari za kwanta” za chembe za dhahabu za nanomita 10 kwa maana ya kufungiwa. Huenda kihisio hicho kikafanya kazi, lakini maelezo yake si sahihi, na asiyejua kwa nini kifaa kinafanya kazi hataweza kujua kwa nini siku moja kimeacha kufanya kazi.

8.0 Yanayofuata kwa ufundishaji na sera

Jambo la kwanza ni mpangilio wa mtaala. Ukuta wenye kikomo na utatuzi wa kompyuta vinapaswa kufundishwa katika kozi ileile inayoanza na ukuta usio na kikomo, wala visiachiwe shahada ya uzamili. Mwalimu mtarajiwa wa Nagongera au Alupe anayeondoka na fomula ya kwanza peke yake anaondoka na kanuni asiyojua mipaka yake.

Jambo la pili ni ushirikiano wa kuvuka mpaka. Eneo hili la Afrika lina msingi wa kuanzia. Shule ya Afrika ya mbinu na matumizi ya miundo ya elektroni, ASESMA, iliyoanza mwaka 2010, ilifanyika Eldoret mwaka 2012 na Kigali mwaka 2023. Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ni mshirika wa kituo cha fizikia cha kimataifa cha Trieste. Vyuo vya mpakani havihitaji kusubiri mikutano mikubwa. Mazoezi yaleyale yakitatuliwa Nagongera na Alupe, na majibu yakalinganishwa, huo ni ukaguzi rika ambao gharama yake haizidi nauli.

Jambo la tatu ni lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, fizikia ya vyuo vikuu katika nchi zote mbili hufundishwa kwa Kiingereza. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitangulia kuenea kwa somo la nano. Istilahi kama kisima cha kwanta, tungamo fanisi, masharti ya mpakani na thamani mahususi zinahitaji kukubaliwa kwa pamoja, ili ripoti ya maji iliyoandikwa upande mmoja isomwe na ofisa wa upande wa pili bila kubadilika maana.

Jambo la nne linahusu mipaka ya hoja yenyewe. Hesabu haichukui nafasi ya kipimo. Bila kifaa cha kupima ufyonzaji wa mwanga, modeli iliyotatuliwa vizuri haitofautiani na dhana nzuri. Kifaa kimoja kinachotumiwa na taasisi za pande zote mbili, chini ya makubaliano ya matengenezo, kingekuwa na faida kubwa kuliko viwili visivyo na fundi.

9.0 Hitimisho

Modeli ya chembe iliyofungiwa hufaa au hupotosha kutegemea jinsi ukuta wake ulivyoelezwa. Ukuta usio na kikomo ni hatua ya kwanza ya kujifunza, lakini katika nanomita 5 hutoa jibu linalozidi mara mbili la kweli. Marekebisho yake yanahitaji kompyuta ya kawaida, jaribio la usahihi, na mwalimu anayejua kuuliza kinachotokea ukingoni. Kwa mshauri wa sera, swali hilohilo ndilo kipimo cha kwanza cha andiko lolote la nano litakalofika mezani pake: chembe imefungiwa na nini, kwa ukuta wa kimo gani, na nani ameipima?